Ukiona Changarawe Zimetulia, Zimepangwa

Haya, kuhusu jinsi mawe yanavyokaa kwenye sakafu ya mto, niliyasema jukwaani mbele ya watu wa kila namna: wahandisi, wavuvi, wachimba kokoto, wanafunzi. Kadhaa wao waliniomba niyaandike. Nimepunguza pale nilipojirudia na pale kipaza sauti kilipokatika. Mengine nimeyaacha kama yalivyotoka.

Mwenyekiti, wazee wangu, kaka na dada zangu, na nyinyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma kana kwamba nimekuja kuwamwagia maji: habari za mchana. Maji nitamwaga, ila ndani ya mifereji hii miwili tu.

Sogeeni muione. Ni mifereji ya plastiki angavu, kila mmoja una urefu wa mita mbili, na imeinamishwa sawasawa. Changarawe zilizomo zimetoka gunia moja. Nilizichanganya vizuri, nikazipima kwa mzani, nikagawa nusu kwa nusu. Mfereji wa kushoto nimeujaza leo asubuhi nikausawazisha kwa ubao, basi. Wa kulia niliujaza jana jioni, nikawasha pampu kwa maji ya taratibu ambayo hayana ubavu wa kuchukua hata kokoto moja, nikaenda kulala. Asubuhi nimeyakuta bado yanapita.

Sasa nafungulia mifereji yote miwili, kipimo kimoja, kikali kidogo. Nyamazeni msikilize. Kushoto mnasikia tiki, tiki-tiki, halafu kama mtu anayemimina maharage kwenye sufuria: kokoto zinaondoka, zinagongana, zinarundikana mwishoni kwenye wavu. Kulia maji yanapita na kelele zake, lakini mawe yamekaa. Vimeondoka vichembe viwili vitatu vya mchanga, basi.

Gunia moja, uzito mmoja, mteremko mmoja, maji yale yale. Kilichotofautiana ni usiku mmoja wa maji ya upole. Hayakubeba kitu, lakini yalitingisha. Kokoto iliyokaa vibaya ilichezacheza, ikageuka, ikadumbukia katika pengo, na jirani yake ikaiegemea. Mchanga ukashuka chini ukawa kama saruji ya kubana nyufa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nasema hata vilivyozama vimeundwa, na fundi ni maji yenyewe.

Kwa muda mrefu sisi tunaosomea mito tumeuliza jiwe lina ukubwa gani. Leo nimekuja kuwaomba tuulize pia limekaaje.

Nitaanza na jambo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya mwenyewe. Nenda kwenye mto wa changarawe wakati maji ni machache, uchague fungu lililobaki kavu katikati. Juu utaona kokoto za ukubwa wa ngumi. Utadhani mto wote ni wa mawe ya ngumi, mpaka chini kabisa. Ondoa safu moja kwa mkono, jiwe moja moja, eneo la sinia. Mara unakutana na kitu kingine: mchanganyiko wa changarawe ndogo, mchanga, na unyevu unaong'aa. Kumbe yale mawe makubwa yalikuwa ganda tu, unene wa jiwe moja au mawili. Katika kijito cha Oak Creek, kule Oregon, Marekani, ambacho Robert Milhous alikipima kwa makini katika utafiti alioukamilisha mwaka 1973, kokoto za ukubwa wa kati katika safu ya juu zilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili kuliko zile za kati za chini ya ganda. Mito mingi ya changarawe iko hivyo hivyo.

Ganda hilo linatokeaje? Kwa njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kunyang'anywa: maji yanafika bila mashapo, yaani mchanga na kokoto ambazo mto hubeba, yanachukua vidogo, yanaacha vikubwa yasivyoviweza, mpaka vidogo vya juu vinakwisha na vya chini vimefunikwa. Ya pili ni ya kupepeta. Mafuriko yanapotikisa safu yote ya juu, kila kokoto kubwa inayonyanyuka inaacha pengo, na wanaodumbukia pengoni ni wadogo, kwa sababu mkubwa hapiti kwenye tundu la mdogo. Kila anayetumia ungo anajua kwamba ukitikisa, vikubwa vinapanda juu. Ganda la aina ya kwanza ni la mto wenye njaa. La aina ya pili ni la mto mzima wenye afya, unaobeba mashapo yake na bado una ganda lake. Ukiona ganda, usiseme haraka kwamba mto umekufa.

Nifungue mabano kidogo. Mtu akikwambia "mto huu una kokoto za sentimita tano," muulize kapimaje. Njia inayotumika sana ni ya mtafiti wa mito Wolman, ya mwaka 1954, na haihitaji mashine. Unatembea mtoni hatua kwa hatua, unainama bila kuangalia, unaokota jiwe la kwanza linalogusa kidole chako mbele ya kiatu, unapima upana wake wa kati: si urefu, si unene. Mawe mia moja. Sharti gumu ni lile la kutoangalia. Jicho la binadamu linapenda jiwe zuri, na mkono nao hauna hamu ya jiwe dogo lililobanwa. Wanafunzi wangu wakiachiwa wachague, mto unakuwa na mawe makubwa kuliko ulivyo. Nafunga mabano.

Tazameni sasa mfereji wa kulia kwa ubavu, kupitia plastiki. Mawe yale bapa hayakulala chali. Yamelaliana kama vigae vya paa, kila moja limeinama kuelekea maji yanakotoka, na mgongo wake umeegemea mwenzake wa chini ya mkondo. Mkondo ukija unaliminya jiwe lizidi kukaa. Kulitoa inabidi uliinue pamoja na uzito wa anayelilalia. Wanajiolojia hutazama mwinamo huu katika miamba ya kale, mito iliyokauka zamani kabisa, wakajua maji yalikuwa yanaelekea wapi.

Halafu kuna vishada. Jiwe moja kubwa lililogoma kuondoka linakuwa kama mkubwa wa familia: mbele yake, upande maji yanakotoka, mawe mengine makubwa yanasimama yakiliegemea, nyuma yake, kwenye kivuli ambako maji yamepoa, kunakaa mkia wa changarawe ndogo. Ukitembea mtoni ukitazama chini utaviona vishada vya namna hiyo kila mahali. Katika Harris Creek, huko British Columbia, Kanada, Michael Church na wenzake walieleza jinsi vishada hivi vinavyounganika, vikaunda mistari na duara za mawe, mfano wa nyavu, juu ya sakafu ya kijito. Mawe machache makubwa yaliyoshikana yanaweza kupunguza mashapo yanayosafiri mara nyingi sana, bila kiasi cha maji kubadilika.

Sasa hesabu, na nawaahidi itakuwa moja tu. Chukua mto wenye kina cha mita moja na mteremko wa mita 5 kwa kila mita 1,000. Nguvu ambayo maji yanaikokota nayo sakafu ni takriban nyutoni 49 kwa mita moja ya mraba. Ni kama uzito wa kilo tano uliosambazwa juu ya meza nzima. Kitu kidogo! Mwaka 1936, Mmarekani aliyekuwa akisoma Berlin, Albert Shields, alionyesha jinsi ya kulinganisha nguvu hiyo na uzito wa jiwe ndani ya maji, akapata namba ya kizingiti: ukiivuka, jiwe linaanza kwenda. Kwa changarawe, namba inayotumika leo huwa kati ya 0.03 na 0.06.

Wanaozisoma namba hizo haraka husema tofauti ni ndogo. Hebu tuziweke kwenye mto wetu. Ukitumia 0.03, maji yale yanaondoa jiwe la sentimita 10. Ukitumia 0.06, yanaishia kwenye jiwe la sentimita 5. Jiwe la sentimita 10 lina uzito mara nane ya la sentimita 5. Na kwa vile mashapo yanayosafiri huongezeka kwa kasi kubwa mara kizingiti kikishavukwa, ukikosea kizingiti kidogo tu, unakosea mzigo wa mto mara kadhaa. Sehemu kubwa ya nafasi iliyo kati ya 0.03 na 0.06 ndiyo mliyoiona hapa mbele: mfereji wa kushoto na mfereji wa kulia.

Mwingine atauliza, na ni swali zuri: ukigawanya zile nyutoni 49 kwa eneo analokalia jiwe moja, fungu lake ni takriban sehemu ya kumi tu ya uzito wake ndani ya maji. Linaondokaje basi? Linaondoka kwa sababu maji hayasukumi kwa usawa. Mkondo juu ya changarawe umejaa mizunguko. Mara maji ya kasi yanashuka kutoka juu yanapiga sakafu, mara maji ya polepole ya chini yanafyatuliwa juu. Jiwe linangoja pigo lake. Na mapigo hayagawanywi kwa haki. Jiwe lililochomoza shingo linapigwa mara nyingi kuliko lililojificha. Hans Albert Einstein, mtoto wa yule Einstein mnayemjua, ndiye aliyetuzoesha, katika tasnifu yake ya mwaka 1937 kule Zurich, kulisema jambo hili kwa lugha ya bahati: usiulize jiwe hili litaondoka lini, uliza uwezekano wake ni upi.

Kujificha kunaleta jambo la kushangaza. Ungetegemea maji yakipanda, kokoto ndogo zitangulie, za kati zifuate, kubwa zimalizie. Kwenye changarawe mchanganyiko haiendi hivyo kabisa. Ndogo zimekaa kivulini mwa kubwa, zinalindwa. Kubwa zimechomoza, zinapigwa. Wepesi wa mdogo unafutwa na maficho yake, uzito wa mkubwa unafutwa na kiherehere chake. Mwishowe zote zinakaribia kuanza safari kwa kiwango kimoja cha maji. Kwa hiyo mto wa changarawe unaweza kukaa miezi mingi kimya, maji yakipanda na kushuka, na sakafu haijibu. Halafu siku moja ganda linavunjika, na ukubwa wa kila aina unaondoka pamoja, pamoja na akiba yote iliyokuwa chini ya kifuniko.

Mpaka hapa nimesema maji yanavyoyapanga mawe. Mawe nayo yanayapanga maji, na hapo ndipo mimi nilipojikwaa.

Nikiwa kijana kazini nilipewa kijito cha mawe nikadirie kasi ya maji yake ya kawaida. Fomula ya Manning, ya mwaka 1889, inahitaji namba moja ya kuonyesha jinsi sakafu inavyokwaruza mkondo. Nikafungua jedwali, nikasoma "changarawe," nikachukua 0.03, nikapiga hesabu, nikafunga kalamu. Tulipokwenda kupima kwa chombo, maji yalikuwa yakienda kwa kasi inayokaribia nusu ya niliyoandika. Mkubwa wangu hakunigombeza. Alinipeleka mtoni akaniambia nisimamishe rula majini. Kina kilikuwa sentimita 30. Mawe yalikuwa ya sentimita 15.

Pale hakukuwa na maji yanayopita juu ya mawe. Kulikuwa na maji yanayopita katikati ya mawe. Kila jiwe lilikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni. Mkondo ulikuwa unakunjwa, unatanuka nyuma ya kila jiwe, unarudi nyuma, unapoteza nguvu zake kwenye mizunguko kabla haujaenda popote. Kina kikifika mita mbili, mawe yale yale yanakuwa kama mkwaruzo wa sakafu tu. Namba ile ya jedwali inabadilika na kina, na inabadilika na mpangilio: vishada vikiwa vimesimama kwa nafasi fulani, kivuli cha kimoja kikiishia pale cha pili kinapoanza, vinakula nguvu ya maji kuliko mawe hayo hayo yakitandazwa. Tangu siku hiyo sijaliamini jedwali kabla sijalowesha miguu.

Tukitoka kwenye jiwe moja tukautazama mto kwa mbali, tunaona vilindi na sehemu za kina kifupi zikipokezana. Kwa kawaida kutoka kilindi kimoja hadi kingine ni mara tano hadi saba ya upana wa mto. Maji yakiwa machache, sehemu ya kina kifupi ndiyo yenye kelele na kasi, kilindi kimelala. Mafuriko yakija, kwenye mito mingi mambo yanakaribiana au hata kugeuka: kilindi kinapata nguvu, kinajifagia, na mzigo wake unatua kwenye kina kifupi kinachofuata. Wanasayansi wanabishana bado juu ya wapi na mara ngapi hili linatokea. Mimi nimeliona mahali fulani na sikuliona pengine, kwa hiyo sitawachosha.

Kuna maji mengine ambayo hamyaoni kabisa. Yanapita ndani ya changarawe. Kila palipo na kituta, mkondo unausukuma uso wake wa mbele, maji yanazama, yanapenya katikati ya kokoto, yanatokeza nyuma. Samaki aina ya salmoni wanaishi kwa siri hiyo. Jike anapiga sakafu kwa mkia wake mpaka anachimba shimo. Mchanga na tope laini vinachukuliwa na mkondo, kokoto zinabaki safi. Anataga, kisha anachimba juu kidogo ya hapo ili kokoto zishuke kufunika mayai. Kinachobaki ni kituta kidogo, na kituta hicho kinalazimisha maji yenye oksijeni kupita kwenye mayai. Fundi wa maabara hawezi kupanga vizuri zaidi.

Ndiyo maana naogopa tope na mchanga mwingi kuliko ninavyoogopa mafuriko. Mchanga ukiingia mtoni kwa wingi kutoka kwenye kingo zilizochimbwa au barabara zilizokatwa vibaya, unafanya mambo mawili kwa pamoja. Unaziba matundu, na mayai yanakosa hewa. Na unalainisha sakafu: kokoto zilizokuwa zimekamatana zinapata mahali pa kuteleza. Majaribio ya Peter Wilcock na wenzake yalionyesha kwamba ukiongeza mchanga kwenye changarawe, siyo mchanga peke yake unaosafiri zaidi. Changarawe nazo zinasafiri zaidi, na sana. Watu wengi hudhani mchanga unaituliza sakafu. Hapana, unaipaka mafuta.

Bwawa linafanya kinyume. Mashapo yanatua nyuma ya ukuta, chini yanatoka maji safi yenye njaa. Yanachimba, yanachagua, mpaka yanabakiza ganda la mawe makubwa yasiyotikisika, yasiyofaa kwa samaki, na mto uliozama chini ya kingo zake. Wajerumani kwenye mto Rhine wamelikubali deni hilo: tangu mwaka 1978, chini ya kizuizi cha Iffezheim, matishari yanamwaga changarawe mtoni ili maji yapate cha kubeba. Hawajamaliza, na hawatamaliza, maana mto unakula kila mwaka.

Nakuja kwa ndugu zangu wachimba kokoto, ambao nawaona wamenuna tangu nilipotaja ganda. Sikuja kuwafungia kazi. Nyumba zote zina kokoto. Lakini mkiniuliza kibaya ni kipi, si tu zile tani mnazobeba. Tani mnazobeba tunaweza kuzihesabu, tukalinganisha na kile mto unacholeta. Ambacho hakiingii kwenye hesabu ni kifuniko mlichokivunja. Shimo linakuwa mwanzo wa mporomoko: maji yakidumbukia kwenye ukingo wake wa juu yanapata mteremko mkali, yanaukata, na mkato unapanda mto, ukifuata nguzo za madaraja huko juu. Chini ya shimo, maji yamekwisha tua mzigo wake ndani ya shimo, yanatoka na njaa. Tena mnavyorudisha mabaki na kuyasawazisha kwa trekta, panaonekana pazuri. Lakini hiyo ni mfereji wa kushoto. Bandu bandu huisha gogo, na hapa bandu ya kwanza ndiyo yenye gharama kuliko zote. Kama ni lazima kuchimba, afadhali kukwangua juu ya mafungu makavu, kuliko kutoboa njia ya maji, na baada ya kupima mto unaleta kiasi gani. Narudia: baada ya kupima.

Niliishia hapo, yakaja maswali. Mengi yalihusu vibali, ambavyo si fani yangu. Mzee mmoja mvuvi aliuliza la maana: maji ya mafuriko ni ya rangi ya udongo, huoni kitu, utajuaje kama sakafu imetembea usiku ule, au imekaa?

Nilimjibu kwamba kuna njia ya kusikia na njia ya kuhesabu. Ya kusikia, unatumbukiza kafi la mbao mpaka liguse chini, unaweka sikio kwenye mpini. Mchanga unavuma kama kukaanga. Kokoto zinagonga, moja moja au nyingi kama mvua. Lakini ufanye hivyo ukiwa daraja la chini lenye uzio, si ndani ya maji. Ya kuhesabu, kabla ya msimu wa mvua unapaka rangi mawe sitini hivi, madogo kwa makubwa, unayarudisha yalipokuwa, kila moja kwa mwinamo wake ule ule, usiyapange kwa uzuri wako. Maji yakishuka unakwenda kuyatafuta, na kila ulilolipata unapima limekwenda mita ngapi. Ambayo hukuyapata huenda yamezikwa, kwa hiyo usiseme yamepotea.

Akauliza rangi gani. Rangi ya mafuta, mzee. Mwaka wa kwanza mimi nilitumia ile ya maji.